Jamii Ifike Saa Nne, Ikiwa na Kiti Chake

Benchi letu limeegemea ukuta wa shule ya msingi kwa upande wa barabarani, kati ya mashine ya kusaga nafaka na kibanda cha fundi redio. Mashine huanza kunguruma saa moja asubuhi na hainyamazi mpaka umeme ukatike, kwa hiyo sisi wa pale tumejifunza kuzungumza kwa sauti ya mtu anayetangaza moto. Mpita njia hudhani tunagombana. Hatugombani hata kidogo, tunakubaliana kwa nguvu tu. Mwenye kahawa ni Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu lakini anatusema kana kwamba ni wa wote. Na benchi ni lake, jambo analotukumbusha kila mtu anapojinyoosha. Mimi nauza magazeti pale mwisho. Kwa kuwa nayasoma yote kabla hayajapata mnunuzi, nimepewa dhamana ya mambo ya nchi za mbali, ambayo hakuna awezaye kunihakiki.

Alhamisi hiyo kilichotushtua kwanza ni kwamba Gundi hakuwa anagonga. Gundi ni fundi viatu. Kigoda chake na sanduku lake la vifaa viko ncha ya pili ya benchi, na nyundo yake ndiyo inayotuambia kuwa siku imeanza. Saa mbili na nusu ilikuwa imeshapita, nyundo iko chini, na yeye ameshika karatasi kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Shangazi akamuuliza kama kuna msiba. Gundi akasema afadhali msiba, maana kwenye msiba mtu anajua avae nini na aseme nini.

Karatasi ilitoka shuleni. Binti yake wa pekee, anayesoma darasa la tano, alimpa asubuhi ile ile getini, akamwambia "baba, hii yako," akaingia ndani mbio bila kugeuka nyuma. Tarehe ya barua ilikuwa ya siku tisa zilizopita. Ilikuwa imekunjwa mara nne, ikakunjuliwa, ikakunjwa tena, mpaka mikunjo yake imeanza kutoboka.

Barua ya namna hiyo haisomwi na mtu yeyote wakati Karani yupo. Karani alifanya kazi masjala ya ofisi ya wilaya miaka thelathini na mmoja, akastaafu, lakini masjala haikustaafu ndani yake. Yeye hasomi barua, anaipokea. Alifuta vidole, akaangalia kwanza kumbukumbu namba, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaangalia muhuri, akasema umepigwa na mtu mwenye haraka, ndipo akatusomea kwa sauti iliyoishinda mashine:

"Yah: Ushirikishwaji wa Jamii katika Utekelezaji wa Somo la Elimu ya Jamii Ngazi ya Darasa. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jamii inaalikwa kufika shuleni siku ya Alhamisi saa nne kamili asubuhi kueleza kazi yake mbele ya wanafunzi wa darasa la tano. Jamii itakuwa na dakika ishirini. Jamii ifike ikiwa nadhifu, na kiti chake. Jamii haitaruhusiwa kufanya biashara katika eneo la shule."

Karani alisema katika miaka yake yote ameona jamii ikijulishwa, ikihimizwa, ikiaswa, na mwaka mmoja wa mvua nyingi ikionywa. Kualikwa hajawahi kuiona. Mimi nikamtazama Gundi, nikamwona jamii imekaa kwenye kigoda, ina gundi kwenye nyusi.

Lakini Gundi hakuwa na shida na barua. Shida yake ilikuwa chini ya barua, chini ya ule mstari wa nukta wenye picha ya mkasi, mahali ambapo mwanafunzi hutakiwa kujaza mwenyewe habari za mzazi wake. Binti alikuwa amejaza kwa mwandiko wa mviringo unaopendeza: jina kamili la baba, ambalo wengine wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza, uhusiano, "baba mzazi", mahali anapoishi, hata lugha anazozungumza. Nafasi moja tu aliiacha nyeupe. Nafasi hiyo ilisema: Kazi.

– Siku tisa kakaa nayo, Gundi alisema. Kaandika kila kitu. Hapo ndipo kalamu imemshinda.

– Labda kasahau, nikasema.

– Mtoto wangu hasahau. Mtoto wangu akikutuma chumvi anakukumbusha na kifuniko cha kopo.

Akachukua nyundo, akaitazama, akairudisha chini.

– Ananionea aibu, akasema. Basi.

Sasa, mtu akisema neno kama hilo mbele ya watu wa kawaida, watamwambia pole na kumwachia nafasi. Kijiweni kwetu alipewa ufafanuzi.

Aliyeanza ni Karani. Alisema mtu asiyejua fomu huona nafasi tupu akadhani ni kosa, lakini anayezijua fomu anatambua kuwa nafasi tupu ni za aina tatu: iliyoachwa kwa kusahau, iliyoachwa kwa kuogopa, na iliyoachwa kwa matumizi ya ofisi. Hii ni ya tatu. Mtoto ana akili, kaiachia ofisi. Na ofisi ikiiona iko tupu itaijaza yenyewe, na ofisi haijawahi kuandika "fundi viatu" pahali popote ikiwa kuna maneno marefu zaidi. Akapendekeza tusisubiri, tuandike wenyewe: Mtaalamu wa Miundombinu ya Miguu. Gundi akasema akisimama mbele ya watoto na cheo hicho wataangalia miguu yake, na viatu vyake mwenyewe havijashonwa tangu mwaka juzi.

Karani hakutetereka. Alituambia jambo lenyewe ni kubwa kuliko Gundi. Leo wanaalika jamii, kesho wataiandikisha kwenye rejista, keshokutwa wataipa mitihani. Mwisho wa muhula kila mzazi atapewa ripoti yake, aipeleke nyumbani ikasainiwe na mtoto. Aliiona kabisa hiyo ripoti, akaisoma hewani: jamii inajitahidi, lakini ni mtoro.

Hapo Mawimbi akatoka kibandani kwake na bisibisi sikioni. Mawimbi ni fundi redio, na kwa kuwa maisha yake yote ametafuta chanzo cha mikwaruzo, haamini kuwa kitu chochote kimeharibikia pale kinapoonekana kimeharibika. Alisema suala si kazi ya Gundi, suala ni nyayo. Elimu huingia kutokea chini. Mtoto mwenye soli iliyoachia, kila hatua soli inapiga pa, pa, na kila pa inakata fikra moja. Kutoka nyumbani mpaka shule mtoto huyo kapoteza fikra mia tano kabla hajafungua daftari. Alidai ameyaona haya kwa macho yake, kwa watoto wa dada yake wawili, mmoja wa viatu vya kamba na mwingine wa kandambili, na tofauti yao ni ya kusikitisha.

Shangazi akauliza yupi kati ya hao ndiye aliyefeli. Mawimbi akasema wa viatu vya kamba, lakini hiyo ni kwa sababu kamba zilikuwa zinambana.

Akaendelea bila kuvuta pumzi. Kuporomoka kwa elimu, alisema, tukitafuta vizuri tutakuta kulianza mwaka ule ule vilipoingia viatu vya plastiki visivyoshoneka. Kwa hiyo nguzo ya elimu si mwalimu, wala si kitabu, ni huyu bwana hapa na sindano yake, na kama nchi ingekuwa na mpangilio Gundi angekuwa na ofisi ndani ya shule, yenye mlango na kibao. Barua haikupaswa kumpa dakika ishirini. Ilipaswa kumwomba radhi.

Nami sikutaka kubaki nyuma. Nikawaambia nimesoma mahali kuwa kuna nchi moja ya baridi ambako wazee huingia darasani wakakaa dawati moja na wajukuu. Sikukumbuka ni nchi gani, wala kama nilisoma au nilisimuliwa. Hilo halikunizuia.

Muda wote huo Kipimo alikuwa kimya, na kimya cha Kipimo si cha kuaminiwa. Kipimo ni fundi cherehani. Futi yake ya kupimia haitoki shingoni, na tunavyosikia hata kulala hulala nayo. Tulipogeuka tukakuta keshampima Gundi mabega, anahamia mkono. Alisema aibu ya mtoto iko mabegani mwa baba. Koti likikaa sawasawa, mtoto hataona kama baba anashona viatu au anaongoza benki. Shangazi akamwambia imebaki saa moja tu, koti litatoka wapi. Kipimo akakubali kuwa muda umebana, akakunja futi, akaja na jingine kubwa zaidi.

Alisema tumekosea tangu mwanzo kufikiri kuwa jamii ndiyo iende darasani. Darasa ndilo lije kwa jamii. Kwa kuwa watoto ni wengi, waje kwa mafungu, wakae hapa chini, na sisi tutawagawia masomo: Jumatatu Karani awafundishe subira, Jumanne Mawimbi awafundishe kusikiliza, Jumatano yeye mwenyewe vipimo, Alhamisi Gundi, na Ijumaa muuza magazeti awafundishe mambo ya nchi za baridi. Lakini watapitaje? Kipimo akageuka, akauangalia ukuta tunaouegemea kama anavyokiangalia kitambaa kabla hajatia mkasi. Huu, alisema, ndio uliosababisha ujinga wote. Ubomolewe.

Karani alisema ukuta wa umma haubomolewi kwa hisia. Unabomolewa kwa kamati. Mawimbi akasema kamati iwe na watu watano. Kipimo akasema watatu, kwa sababu futi yake inahitaji mtu mmoja kila upande na mmoja wa kusoma. Ubishi ukapamba moto, wakafika kwenye suala la nani atunze matofali, mpaka Shangazi akaweka birika chini kwa kishindo na kuuliza benchi lake litaegemea wapi. Kamati ikaahirishwa.

Nilipomwangalia Gundi katika kelele hizo zote, alikuwa anaifuta ile nafasi nyeupe kwa kidole gumba, kama vile kuna maandishi yamejificha chini yake. Saa ilikuwa tatu na nusu. Alinivuta mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo kwetu maana yake ni sauti ya kawaida ya watu wengine, kuwa yeye aliacha shule darasa la nne. Mara ya mwisho kusimama mbele ya darasa, alisimamishwa ili achapwe. Tangu siku hiyo hajaingia ndani ya darasa lolote; amempeleka binti yake mpaka getini kila asubuhi kwa miaka mitano, na kila asubuhi anapoliona lile geti kiganja kinamwasha.

Kisha akamgeukia Karani, akamwomba amwandikie barua ya udhuru.

Karani alifurahi kupita kiasi, ingawa alijitahidi kuficha. Kalamu ilitoka mfukoni kabla Gundi hajamaliza sentensi. Akaandika kwenye pambizo la gazeti langu, kwanza rasimu, huku akisoma kila neno lilivyozaliwa: Jamii inapenda kutoa shukrani zake za dhati kwa mwaliko tajwa hapo juu. Hata hivyo, jamii inasikitika kueleza kuwa imepatwa na homa.

– Una homa? Shangazi akamuuliza Gundi.

– Nitakuwa nayo saa nne.

– Na mtoto atakayekaa pale anaangalia mlango, utampa dawa gani?

Gundi akamwangalia Karani.

– Nakuuliza wewe, fundi. Hawa waache, hawa wakiulizwa njia ya kwenda chooni wataunda kamati. Mtoto kaambiwa baba yake anakuja. Saa nne inafika, baba haonekani, inasomwa barua yenye maneno ya Karani. Hapo ndipo ataona aibu, na hiyo utakuwa umempa wewe kwa mkono wako.

– Aibu keshakuwa nayo, Shangazi. Angalia hapo. Kaacha peupe.

– Peupe ni peupe. Hujui kuna nini.

Ilikuwa hoja nzuri na ndiyo maana hakuna aliyeifuata. Karani aliuliza kama "homa" iandikwe peke yake au itajwe na aina yake.

Hapo ndipo alipotokea yule mama. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu iliyofuliwa na kupigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, begani ana mkoba wa vifaa ambao ndani yake ilichungulia spana kubwa ya mabomba, na mkono wa kushoto amebeba kiti kidogo cha plastiki. Tulikielewa kile kiti mara moja. Akatusalimu vizuri, akasema yeye ni fundi bomba, kahamia mtaa huu wiki mbili zilizopita, na mwanawe ndiyo kwanza ameanza hapo shuleni. Kaandikiwa aje.

– Naomba mnielekeze tu wazee wangu, nisije nikazunguka na kiti. Darasa la tano liko upande gani?

Sijawahi kuona swali dogo namna ile likiwafanya watu wazima vile.

Karani alisema kwa uhakika kabisa kuwa liko mkabala na ofisi ya mwalimu mkuu. Kisha ikabainika kuwa anamzungumzia mwalimu mkuu aliyestaafu kabla yake. Mawimbi alionyesha kwa bisibisi upande wa kulia, akafikiri, akahamisha bisibisi upande wa kushoto, akaiacha katikati. Kipimo alisema ni ghorofani. Shule ile haina ghorofa. Mimi nikajishughulisha na magazeti. Tulikuwa tumekaa pale miaka kumi na minne, migongo yetu imeuchonga ule ukuta hadi umekuwa laini, asubuhi ile tu tulikuwa tumeibadilisha elimu yote toka msingi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua darasa la tano liko wapi.

Yule mama akatutazama mmoja mmoja, bila dharau, kama anavyotazamwa mtu mwenye bomba lililopasuka.

– Hakuna mwenye mtoto humo?

Gundi aliinua mkono. Aliuinua kama mwanafunzi.

– Darasa la ngapi, kaka?

– La tano.

– La tano hili hili ninalolitafuta?

– Hilo hilo.

– Na hujui liko wapi.

– Namfikisha getini kila siku, dada. Kila siku.

– Na ndani?

Gundi akaangalia chini. Nilidhani atatoa habari ya homa. Badala yake akasema kitu ambacho katika miaka kumi na minne sikuwahi kumsikia mtu akikisema pale benchini.

– Sijui.

– Basi mimi ni mgeni, nina sababu, mama akasema. Wewe huna. Chukua kiti chako tukatafute.

Akachukua kigoda. Akachukua na sanduku lake, maana fundi hawezi kutembea mikono mitupu. Shangazi alimfuta nyusi kwa upindo wa kanga yake bila kumwomba ruhusa, na wale wawili wakaondoka kufuata ukuta kuelekea getini, mmoja na kiti chake, mwingine na kigoda chake, jamii nzima ya watu wawili. Karani alibaki ameshika barua ya homa isiyo na mgonjwa.

Tulimjadili alipokuwa hayupo, kama ilivyo haki ya kila mtu. Mawimbi alisema hatapita getini, mlinzi atamsumbua. Kipimo alisema atapita lakini atazimia mlangoni mwa darasa, kwa jinsi alivyompima kifua. Tulikuwa bado hatujakubaliana atazimia kuelekea upande gani, ndipo umeme ulipokatika.

Mashine ya kusaga ilitoa ule mguno wake wa mwisho, mkanda ukazunguka kwa mazoea, ukasimama. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kiasi cha kusikia kahawa ikitiwa kikombeni. Na katika kimya hicho, kutoka juu ya vichwa vyetu, karibu kabisa, kana kwamba mtu amekaa begani kwa Kipimo, sauti ya mwalimu ilisema:

– Kaeni.

Na watoto wengi wakakaa kwa pamoja.

Tuligeuka wote na kuangalia juu. Kule juu ya ukuta kuna safu ya matundu ya hewa, ambayo tulikuwa tunayajua kuwa ni matundu ya stoo ya madawati mabovu. Maana ndivyo kilivyokuwa chumba kile tangu tulipoanza kukaa pale. Hakuna aliyetuandikia barua kuwa madawati yametolewa na darasa la tano limeingia. Mwaka mzima mashine ilikuwa imetuzibia sauti zao, na umeme ukikatika tulizizibia wenyewe kwa mazungumzo. Zetu haikuziba, kwa sababu sisi, kama nilivyoeleza, ni watu wa kuishinda mashine.

Niliona nyuso zikibadilika rangi mmoja baada ya mwingine, kila mtu akipitia kichwani aliyoyasema mwaka huo. Kipimo alikuwa na maoni mengi kuhusu suruali za mwalimu mkuu. Mawimbi aliwahi kutueleza, kwa kirefu, jinsi alivyopata cheti chake. Mimi nilikumbuka baadhi ya nchi zangu za mbali.

Ndani, mwalimu alikuwa anawaambia watoto kuwa leo kuna wageni wawili, na kwamba mmoja wao wanamfahamu bila kumfahamu. Sauti ya mtoto ikauliza kama ni yule wa muhuri. Mwalimu akasema hapana, wa muhuri ni mwingine. Karani akajifunga kifungo cha juu cha shati. Kisha mwalimu akamwita binti wa Gundi asimame amtambulishe baba yake.

Kulikuwa na kiti kilichosogea. Shangazi aliinua kiganja kutuzuia tusipumue.

– Huyu ni baba yangu, sauti ya binti ilisema. Kwenye fomu sikuandika kazi yake.

Mwalimu akamuuliza kwa nini, kwa upole.

– Kwa sababu ningeandika fundi viatu, mngejua.

– Tungejua nini?

– Mngejua ndiye anayeimba.

Naomba nieleze hapa. Gundi anaposhona huimba. Kama ni kuimba, sijui. Ni wimbo mmoja tu, hauna mwanzo, na kuna mahali panapotakiwa kupanda yeye hushuka, kila siku, bila kukosa, na anaposhuka hushuka na kila anayemsikiliza. Sisi tulishazoea kama unavyozoea jino bovu. Hakuna katika nadharia zetu zote za asubuhi ile, ya ofisi, ya nyayo, ya mabega, wala ya ukuta, iliyowahi kufika huko.

Ndani mtoto mmoja alianza kucheka, wa pili akamfuata, kisha kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu binti alikuwa bado anaongea.

– Mkicheka na mimi hucheka, alisema. Nacheka ili msijue.



– Kumbe mnasikia? Hiyo ilikuwa sauti ya Gundi.

– Tunasikia, darasa likajibu kwa pamoja.

– Mpaka pale ninaposhuka?

– Mpaka pale.

– Basi njoo mmoja mwenye kiatu kibovu, akasema Gundi, na tulisikia kigoda kikiwekwa sakafuni na kufuli za sanduku zikifunguka. Mwingine anishikie uzi. Mnaona sindano hii ilivyo nene? Kazi hii ukiifanya kwa haraka, sindano inapita ngozi ya kiatu inaingia ngozi yako. Angalieni kidole hiki. Na hiki. Hivi ni vya zamani, kabla sijaanza kuimba. Aliyenifundisha kazi aliniambia, mkono wako una pupa, utafutie wimbo wa polepole. Kila mshono mmoja, neno moja. Pale ninaposhuka, ndipo ninapogeuza sindano. Nikipanda nitajichoma.

Mtoto mmoja akauliza kama angejua kuimba vizuri angepanda. Gundi akafikiri, akasema hajui, lakini vidole asingekuwa navyo. Wakacheka, na mara hii kilikuwa kicheko cha aina nyingine, na katika kicheko hicho tulisikia hata mama fundi bomba.

– Mwalimu, sauti nyingine ikauliza, kutoka karibu kabisa na matundu. Na wale wengine wa nje, mbona leo wamenyamaza?

Tulitazamana. Karani, mwenye majibu ya aina tatu kwa kila kitu, alimwangalia Mawimbi. Mawimbi akamwangalia Kipimo. Kipimo akaniangalia mimi, nami nikaangalia barabara. Shangazi, ambaye kahawa yake haijawahi kumsubiri mtu, alikuwa amelishika birika hewani juu ya kikombe changu, hamimini.

Ndani sindano iliingia kwenye ngozi. Tuliisikia. Gundi akaanza kuimba, vibaya vile vile, neno moja kila mshono. Akafika mstari wa pili. Sauti nyembamba, ya binti, ikaingia chini ya sauti yake, ikasita, ikamshika, ikaenda naye bila haraka mpaka pale panapotakiwa kupanda, wakashuka wote wawili.